Askari Watano wa Misunkumilo

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa hazijakatika Mpanda, fundi mmoja kijana wa Misunkumilo alipokea oda iliyomzidi kimo. Mteja alikuwa akimalizia nyumba ya wageni mjini, naye alitaka askari watano wa mti wa kusimama mapokezi, kila mmoja wa zama zake na kila mmoja wa sentimita 30: rugaruga wa Mirambo, askari wa Mjerumani, mpagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Keya, na mwanajeshi wa JWTZ wa Vita ya Kagera. Nusu ya fedha ilitolewa palepale. Kazi ilitakiwa ifike kabla ya Nane Nane.

Jina la kijana sitalitaja, na msomaji asijisumbue kumtafuta. Makosa yake ni ya mafundi wengi. Nimeyakusanya kwa mtu mmoja ili yaonekane kwa pamoja, maana yakitawanyika hakuna anayejifunza.

Mkono wake ulikuwa mzuri. Alikuwa amezoea kuchonga miiko, mikongojo, na wale tembo na viboko wanaonunuliwa na wageni waendao Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Lakini kiboko ni bonge. Miguu yake mifupi imeshikana na tumbo, masikio yamelala kichwani, hakuna kiungo kinachoelea peke yake hewani. Mtu aliyeshika silaha ni kazi ya namna nyingine kabisa. Ana shingo nyembamba, viwiko vinavyotoka nje, kofia, mkoba mgongoni, na bunduki ndefu ambayo sehemu yake kubwa haigusi mwili. Aliyezoea kiboko huweza kuchonga mwaka mzima bila kujua jinsi mti unavyoweza kumgeuka.

Nyuma ya karakana alikuwa na makombo ya mninga, mbao za mbili kwa nne alizopewa na maseremala wa vitanda, na gogo moja la mpingo mbichi lenye unene wa paja. Alichukua tepu, akapima sentimita 30, akakata vipande vinne vya mninga na kimoja cha mpingo, vyote kwa urefu huohuo kamili. Alipomaliza kukata ndipo alipofungua simu kutafuta picha za askari.

Kazi iliharibikia hapo, kabla tezo haijagusa mti. Yaliyofuata yote yalikuwa matokeo tu.

Tuanze na askari wa Keya, yaani wa King's African Rifles, jeshi ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902 na ambalo lilichukua vijana wengi wa Tanganyika. Mteja alisema anamtaka awe vilevile na Sanamu la Askari la Dar es Salaam. Kila Mtanzania analijua sanamu hilo: askari ameinama mbele, bunduki ameielekeza bandarini, singe imechomoza. Lilichongwa na James Alexander Stevenson na kuzinduliwa mwaka 1927, mahali ambapo zamani Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao Hermann von Wissmann. Ni kazi nzuri, na ni ya shaba. Shaba huyeyushwa na kumiminwa, haina nyuzi. Unaweza kumfanya askari wa shaba anyooshe bunduki upande wowote na mtutu ukabaki imara miaka mia moja.

Mti una nyuzi, nazo zinakwenda upande mmoja. Ukimchonga mtu amesimama, nyuzi zinapanda kutoka miguuni kwenda kichwani, na miguu inakuwa na nguvu. Ila bunduki iliyolala mbele ya mtu huyo inakuwa imekatwa kuvuka nyuzi. Tufanye hesabu. Mtu wa sentimita 170 akipunguzwa hadi 30, kila kitu chake kinagawanywa kwa karibu 5.7. Mtutu wa bunduki ya kweli, wenye unene wa sentimita moja na nusu au zaidi kidogo, unabaki milimita 3. Milimita 3 za mninga zikifuata nyuzi huvumilia. Zikivuka nyuzi hukatika kwa kidole. Bunduki ya kijana ilikatika wakati anapiga msasa. Akaiunga kwa supa glu, ikakatika tena pembeni ya gundi.

Na hilo halikuwa baya zaidi. Mbao ya mbili kwa nne ina unene wa sentimita 5 na upana wa sentimita 10. Mabega ya mtu ni karibu robo ya kimo chake, kwa hiyo askari wa sentimita 30 anahitaji mabega ya sentimita 7 na nusu. Kwa kuwa bunduki ilitaka nafasi mbele, kijana aliugeuza ubao: upana akaufanya wa kwenda mbele, unene akaufanya mabega. Akatoka askari mwenye mabega ya sentimita 5. Ukimtazama ubavuni ni mpiganaji. Ukimtazama usoni ni mtoto aliyeazimwa kofia ya baba yake.

Askari wa Mjerumani alipatwa na mengine. Kijana hakutaka kurudia balaa la bunduki inayoelea, akamsimamisha wima, silaha begani, viwiko vimebanwa mbavuni. Uamuzi ulikuwa wa busara. Tatizo ni kwamba alimpa bunduki ileile ya askari wa Keya, tena fupi kuliko inavyotakiwa, kwa sababu juu ya kofia mti ulikuwa umekwisha. Mwaka 1914 jeshi la Wajerumani hapa kwetu lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500, na wengi wao walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Ilikuwa ndefu, karibu sentimita 134, na ilitumia baruti ya moshi. Moshi huo uliwafichua kila walipofyatua. Lee-Enfield fupi ya Waingereza ina sentimita 113. SMG waliyokwenda nayo vijana wetu Kagera ina kama 87. Ukiwapunguza watu hao hadi sentimita 30, bunduki zinakuwa 24, 20 na 15. Tofauti ya sentimita 9 mbele ya mtu wa 30 inaonekana kutoka mlangoni. Bunduki ya kwanza ikisimamishwa chini inamfika askari karibu na bega. Ya mwisho inamwishia nyongani. Anayewapa wote kipimo kimoja amewapeleka wote kwenye vita moja.

Mpagazi ndiye aliyenihuzunisha. Vita ile ilibebwa vichwani mwa watu. Hapakuwa na njia za magari, na mbung'o waliwamaliza wanyama wa mizigo, kwa hiyo risasi, unga na hata vipande vya mizinga vilipita porini kwa shingo za wapagazi. Mzigo wa kila mmoja ulikuwa kama kilo 25. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo limebaki kutokana na kikosi chao. Sasa kijana alikuwa na kipande cha sentimita 30 kamili, na humo alitakiwa aingize mtu pamoja na sanduku lililo juu ya kichwa. Kama mtu angekuwa na kimo cha wenzake, mzigo usingekuwa na mahali pa kukaa. Alisitasita, akamchonga mtu karibu kimo chote, na mzigo akaubana juu ukawa kama chapati. Mtu aliyeuawa na uzito alichongwa bila uzito. Kwa kinyago, kosa la kipimo linaweza kuwa kosa la ukweli, na hapa lilikuwa hivyo.

Rugaruga alitolewa kwenye mpingo. Wazo halikuwa baya. Mirambo, mtemi wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, alitikisa nchi yote kuanzia Tabora hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 1871 Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone alilazimika kuzungukia kusini na kupita Ukonongo, nchi yetu hii, kwa kuwa vita ya Mirambo na Waarabu wa Tabora ilikuwa imefunga njia. Rugaruga wake walikuwa vijana wenye manyoya kichwani, vitambaa vyekundu, magobore na mikuki. Mpingo mweusi unawafaa. Kijana alimchonga akiwa bado mbichi, akampiga msasa, akampaka rangi ya viatu, akang'aa. Mwezi wa sita, mvua zimeisha na upepo wa kiangazi umeanza, ufa ulianzia utosini. Mwezi wa saba ulikuwa umefika kifuani na ncha ya kisu ingeweza kuingia ndani yake.

Akabaki mwanajeshi wa Kagera. Huyo alifaa, na inafaa kuuliza kwa nini. Alichongwa amesimama, miguu imeachana kidogo, SMG imening'inia kwa mkanda kifuani, mtutu umeelekea chini. Bunduki ilikuwa imelala juu ya mwili mwanzo hadi mwisho. Hakuna kilichoelea. Mikono ilishika silaha, kwa hiyo viwiko havikwenda mbali. Sentimita 5 za unene zilimtosha kwa shida, na 10 za upana zilimtosha kwa raha. Kijana hakupanga hivyo; alikuwa amechoka na alitaka mkao rahisi. Kwa bahati, mkao na mti vilielewana.

Mteja alifika na shemeji yake, mwalimu wa historia aliyestaafu. Mwalimu aliwatazama wale watano kimya, kisha akamshika askari wa Keya na kuuliza, "Huyu ni wa mwaka gani, mwanangu?" Kijana akajibu ni wa zamani. Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba Keya wa mwaka 1916 alivaa kofia ndogo yenye kitambaa cha kufunika shingo, na Keya aliyepigana Burma mwaka 1944 alivaa kofia pana ya kitambaa kigumu, na kwamba huyu aliyemshika ana kofia ya polisi wa siku hizi. Mteja alimchukua mwanajeshi wa Kagera peke yake. Wengine wanne aliwaacha. Hakudai fedha zake, lakini alisema atasubiri hadi mwaka unaofuata na hataongeza hata senti. Kwa fundi wa Misunkumilo, hiyo ni miezi ya kazi imekwenda bure, na makombo mazuri ya mninga yamegeuka kuni.

Kijana alikwenda kwa mzee mmoja Mkonongo, mtengenezaji wa mizinga ya nyuki na vigoda, ambaye nyumba yake iko pembeni ya barabara ya kutokea mjini. Alimbeba rugaruga kwenye mfuko.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani amempasua huyu?"

"Jua, babu."

"Jua halina kosa. Umemwachia moyo ndani."

Maelezo ya mzee kuhusu moyo wa mti yanastahili kuandikwa kwa urefu, kwa sababu ndipo vinyago vingi vya Katavi hufia. Mti unapokauka haupungui sawasawa. Kwa urefu karibu haupungui kabisa. Kwa upana hupungua, na kwa kuzunguka pete zake hupungua karibu mara mbili ya unavyopungua kuelekea moyoni. Gogo la mviringo lenye moyo katikati haliwezi kupungua hivyo bila kujipasua. Kwa hiyo gogo hupasuliwa robo nne, na kila robo hutoa kipande kisicho na moyo. Ukitaka kipande cha nne kwa nne, yaani sentimita 10 kwa 10, kutoka kwenye robo, gogo lako linatakiwa kuwa na kipenyo cha kama sentimita 32 bila kuhesabu ule mti mweupe wa nje. Mpingo wa ukubwa huo ni adimu. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na mingi imepinda au ina uwazi ndani. Ndiyo maana mpingo unafaa kwa askari mdogo, wa sentimita 15 au 18, au kwa bunduki na mikuki.

Mti mweupe nao uondolewe. Kwenye mninga ndio huliwa na wadudu kwanza, na unga wa kubunguliwa utaanza kuonekana chini ya kinyago kikiwa tayari kwa mteja. Ncha za kipande zipakwe nta, maana mti hupoteza maji kwa haraka zaidi kupitia ncha zake na ufa huanzia huko. Nta haina shida kwetu. Mlele na Inyonga ni nchi ya nyuki. Mafundi wa nchi nyingi hukadiria mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi ya unene. Fundi mwenye oda ya Nane Nane hawezi kungoja miaka minne, kwa hiyo mzee alimwambia atafute mti uliokwisha kukauka zamani: nguzo za vibaraza vilivyobomolewa, miguu ya vitanda vya kale, fremu za milango, vinu vilivyopasuka ambavyo upande mmoja bado ni mzima.

Kisha akamwambia jambo lililomfanya kijana ainamishe kichwa. Zile mbili kwa nne zilikuwa zinatosha. Mbao mbili za mbili kwa nne zikirandwa uso kwa uso, zikapakwa gundi ya mbao na kubanwa kwa jiliwa au klempu hadi kesho yake, hutoa karibu nne kwa nne, kavu, isiyo na moyo. Nyuzi zote ziende upande mmoja. Mshono upite mabavuni, pale ambapo suruali na koti hushonwa, usipite usoni. Makombo ya seremala yanaweza kutoa askari wa hali ya juu, na mtu hahitaji kuingia msituni kabisa.

Kuhusu msitu niseme wazi. Hapa Katavi tumeona malori ya magogo ya mkurungu yakitoka, na tumeona visiki vilivyobaki. Biashara ya kimataifa ya mpingo imewekewa masharti ya mkataba wa CITES tangu mwaka 2017, na ya mkurungu tangu 2019. Kuvuna kunahitaji kibali, na kusafirisha kunahitaji hati kutoka Wakala wa Huduma za Misitu. Fundi anayenunua gogo la usiku kwa bei ya kutupa anaweka karakana yake rehani. Chukua makombo, na mwombe seremala akuandikie risiti.

Mzee hakukubali kuzungumzia vipimo mpaka kijana alipoleta udongo wa mfinyanzi. Walikaa chini ya mwembe na kumfinyanga askari wa Keya kwa kimo chake kamili, pamoja na kofia, mkoba na bunduki ya kijiti. Kisha mzee akachukua vipande vya boksi akamzungushia pande zote mpaka vikamgusa: kofia juu, kiwiko kushoto, kitako cha bunduki kulia, mkoba nyuma, ncha ya mtutu mbele. Hiyo ndiyo saizi ya mti. Mtu wa sentimita 30 aliomba boksi la upana wa 10 na kina cha 15. Bunduki ilipoondolewa, kina kilishuka hadi 10.

"Sasa unaona," mzee alisema. "Bunduki ndiyo inayokula mti wako. Ichonge peke yake, ilaze kwenye nyuzi, halafu itie mkononi."

Ndivyo wanavyofanya wachongaji wengi wa Kenya na Tanzania kwa mikuki ya vinyago vya Wamasai: mkuki huchongwa kando, ngumi hutobolewa kwa keekee, mkuki hupenyezwa. Bunduki ya mpingo ya sentimita 20, nyuzi zikienda kwa urefu wake, haivunjiki kwa kuanguka mezani, na weusi wake juu ya wekundu wa mninga hauhitaji rangi. Ikivunjika, hutengenezwa nyingine bila kumgusa askari.

Urefu nao si wa mtu peke yake. Kwa askari wa sentimita 30, kofia ikiwa ndani, ongeza 3 za kibao cha kusimamia, 5 za kushikia kwenye jiliwa au kati ya nyayo, na 2 kila ncha za kukata nyufa. Jumla ni 42. Mpagazi huongezewa mzigo wake: kama mzigo una sentimita 6, kipande chake ni 48, naye husimama akiwa mrefu kuliko wenzake, jambo ambalo ni haki yake.

Baada ya hapo walifika kwenye vyuma. Kijana alikuwa amenunua seti ya visu vidogo vyenye makali membamba, baada ya kutazama video za mafundi wa Marekani na Ulaya. Mafundi hao wanajua kazi, ila wanachonga mti wa linden, mwepesi, wenye kilo kama 420 kwa mita ya ujazo. Mninga mkavu una kama 640. Mpingo unapita 1,200, unazama majini. Kisu chembamba kilichonolewa kwa pembe kali ya digrii 20 hukata linden kwa raha; kwenye mninga mkavu makali hupinda, na kwenye mpingo humeguka. Mzee alimwonyesha kwenye kinoo: patasi ya mninga inolewe kwa digrii kama 25 hadi 30, ya mpingo 35 au zaidi. Makali butu ni hatari kuliko makali yanayonyoa, kwa sababu mtu hulazimika kusukuma kwa nguvu, na chuma kinapoteleza kinafuata mkono ulioshika.

Yeye mwenyewe alikuwa na tezo mbili zilizofuliwa na mhunzi kwa springi ya gari, kubwa ya kutoa umbo na ndogo ya kulikaribia; patasi tatu bapa na mbili zenye makali ya mviringo kwa mikunjo ya nguo; msumeno, keekee, tupa ya mbao, na kisu kimoja kifupi kwa macho na vidole. Basi. Tezo ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi. Kijana alikuwa ameiruka, akajaribu kutoa umbo zima kwa kisu, na ndiyo maana mwezi mzima ulikwisha akiwa bado anahangaika na mabega. Mzee alisisitiza pia kitambaa puani wakati wa msasa. Vumbi la mninga huwasha macho na kubana kifua, na wapo mafundi waliolazimika kuuacha ufundi kwa sababu hiyo.

Nashangaa kwamba uhusiano wa vita na tezo haufundishwi katika shule zetu. Mutisya wa Munge, Mkamba wa Wamunyu kule Machakos, aliletwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na huku alijifunza kuchonga kutoka kwa wachongaji wa Tanganyika. Alirudi kwao akaanza kuchonga kwa ajili ya kuuza, na kutoka kwake ulitokea uchongaji wa Wakamba ambao leo umejaza maduka kuanzia Mombasa hadi Nairobi. Vita iliyowamaliza wapagazi ilimpa mtu mmoja ujuzi uliolisha vizazi. Kijana wa Misunkumilo anapomchonga askari wa vita ile anagusa asili ya kazi yake mwenyewe.

Kiangazi kilichobaki alikitumia kutembea. Alikwenda kwa familia moja yenye picha ya babu yao aliyekuwa Burma, imeungua pembeni, lakini kofia inaonekana vizuri na ukingo mmoja umekunjwa juu. Alipima kwa rula: ukingo wa kofia ulikuwa karibu mpana kama mabega. Alirudi akabadilisha boksi la udongo kabla ya kubadilisha mti, na Keya wake akawa wa mwaka 1944, na mwalimu mstaafu hakuwa na la kuuliza. Mpagazi alimchonga kwenye nguzo ya kibaraza ya sentimita 48, shingo imezama mabegani, sanduku zito juu. Mpingo uliopasuka aliukatakata, akapata vipande vya nyuzi zilizonyooka, na kutoka humo zikatoka bunduki mbili na gobore moja. Rugaruga mpya ni wa mninga.

Wote wanne walikubaliwa mwaka uliofuata, katikati ya kiangazi, baada ya kukaa ndani ya nyumba ya mteja wiki kadhaa bila ufa kuonekana. Malipo yalikuwa yaleyale ya awali.

Picha ile ya Burma ndiyo iliyofanya kazi ambayo simu haikuweza, na picha za namna hiyo zinaliwa na mchwa ndani ya masanduku ya Katavi kila mwaka. Kwa hiyo naziomba familia za wilaya za Mpanda, Mlele na Tanganyika: kama mnayo picha ya babu wa Keya au ya baba aliyekwenda Kagera, au kofia, au mkanda, au kitabu chake cha jeshi, mwonyesheni mchongaji mmoja wa jirani. Aipige picha kwa simu hapohapo na kuirudisha. Kabla hamjaifunga tena picha sandukuni, andikeni nyuma yake kwa kalamu ya risasi jina la mwenyewe, kikosi chake na mwaka.